Darubini Iliyovuka Mto

Mzee wa kanisa, hebu funga hilo dirisha la upande wa nyumba ya Mzee Mwasomola, kikohozi chake kinanipotezea maneno. Asante. Sasa nisikilizeni, na aliye nyuma asisinzie.

Palikuwa na bibi mmoja aliyezibwa macho yote mawili na mtoto wa jicho. Miaka saba haoni; mkwewe alimhamishia kwake mara tu alipopofuka. Mkwewe akienda shambani, bibi anashinda peke yake, na siku moja akipapasa kutafuta chungu akaangukia motoni. Mkono uliungua mpaka kwenye kiwiko. Mkwewe akasema, hapana, siku nyingine nitarudi nikute maiti. Akafunga safari hadi hospitali kubwa kueleza shida yake.

Hospitali ile ina darubini ya kupasulia macho, lidude zito, limefungwa sakafuni kwa skrubu. Haliendi kokote. Na bibi wa watu atavukaje mto na mlima? Lakini daktari mmoja, mwanamke, akasema, "Kama hawezi kuja, tutamfuata." Akatoa darubini nyingine, ndogo. Miguu yake inakunjwa, kichwa kinachomolewa, yote inaingia sandukuni pamoja na betri yake. Jamani, fikirini aliyeitengeneza! Alikaa chini akawawaza watu wasioweza kufika. Mimi nikilikumbuka hilo machozi hunilengalenga, wala sioni haya kuwaambia.

Daktari akapanda pikipiki, sanduku kalikumbatia kama mtoto mchanga. Mtoni akashuka, akalitia kichwani, akavuka maji yakiwa kifuani. Kijijini kanisa likamwazima chumba cha shule ya Jumapili, na bibi akalazwa mezani.

"Mwanangu, hiyo mashine imenifuata mimi?"

"Imekufuata wewe, bibi."

"Haya. Ukimaliza macho, unitazamie na masikio. Yananidanganya."

"Yanakudanganyaje?"

"Nikishaona nitakuambia."

Daktari akainama kwenye darubini, na mara, ngoma! Kwaya wako ukuta wa pili, wanafanya mazoezi. Sasa, kwenye darubini ile unywele unaonekana kama kamba. Meza ikitikisika kidogo tu, jicho lote linakimbia. Daktari akatuma mtu awaombe wanyamaze nusu saa. Mwalimu wa kwaya akaja juu: "Nusu saa? Jumapili tuna mashindano!" Na walikuwa wakiimba wimbo gani? Wa Bartimayo kipofu! Loo! Kwaya yetu, msininunie, sijawataja. Basi wakanyamaza, midomo wameibinua.

Kesho yake bandeji ikafunguliwa. Bibi akapepesa, akaitazama mikono yake, lile kovu la moto na yote, akamtazama daktari, akacheka mpaka akakohoa. Mkwewe alilia kwa furaha. Wakamshika mkono hadi mlangoni, kwaya wamejipanga nje wanapiga vigelegele. Bibi akanyoosha kidole.

"Ule ua wa matete ni wa nani?"

"Ni kwako, bibi."

"Na hapa ndipo mnapoimbia?"

"Ndiyo, bibi, ni hapa hapa."

Hatua arobaini. Bibi akamgeukia daktari. "Basi masikio yangu yaache, ni mazima. Yalikuwa yananiambia hawa ni jirani zangu. Lakini miaka saba hakuna hata mmoja aliyepiga hodi kwangu, nikasema basi, na masikio nayo yamekufa."



Wapendwa, mnamlaumu mwalimu wa kwaya? Msimlaumu upesi. Nawauliza: chuma, kisicho na roho, kimekunjwa miguu kikavuka mto kumfuata bibi kizee mmoja. Sisi ambao Mungu katupa miguu ya kukunja na kukunjua, nani ametufunga skrubu kwenye benchi hizi? Tunasema mlango wa kanisa uko wazi, anayetaka aje. Na asiyeweza kuja je?

Wala siwasemi ninyi nikajiacha. Aliyeamuru dirisha lile lifungwe ni nani? Ni mimi mchungaji wenu. Kikohozi cha Mzee Mwasomola tunakisikia tangu masika, ninyi na mimi, na mimi nilichoona cha kufanya ni kufunga dirisha.

Lifungueni. Baraka ya leo siitoi hapa, naitoa uani kwake. Simameni twende. Kwaya, ngoma ziacheni.