Mapovu ya Kibisi

Nikisema "Chubwi!" nanyi semeni "Ibuka!" Na nikisikia mmeitikia kivivu, najiendea zangu kulala.

Chubwi!

— Ibuka!

Chubwi tena!

— Ibuka na ngano!

Haya. Hapo kale, maji yalipokuwa mengi kuliko wenye kuyagombania, alikuwako Kibisi. Mnamjua Kibisi? Yule ndege mdogo wa majini, mviringo, hana mkia wa kuringia, ukimtazama tu keshazama. Huyo Kibisi hakupenda kuruka, hakupenda kukaa mitini, hakupenda umbea wa ukingoni. Alipenda kupiga mbizi. Wala hakuzama kwa ajili ya samaki tu, alizama akatazame. Akifika chini, akaona majani ya maji yanayumba polepole na mwanga wa jua unashuka hadi mchangani, moyo ulimtulia akasahau hata jina lake.

Na akiibuka, raha ilimshinda, kicheko kikamtoka: Ki-ki-ki-kiii! Kicheko hicho ndicho kilichomponza.

Kwa sababu alikuwako Kiboko. Kiboko alitaka kila maji mazuri yawe yake, ila kuyatafuta alikuwa mvivu. Kazi yake ilikuwa kutega sikio tu. Akisikia Kibisi anacheka mahali, alijua hapo pana raha.

Kibisi akahamia kwenye bwawa la matete. Akazama, chubwi! Akatazama, akaibuka, akacheka: Ki-ki-ki-kiii! Kiboko akasikia. Kiboko akaja: ndi, ndi, ndi! Akajitosa, puuu! Maji yakawa uji wa ulezi. Kibisi hakuona hata ncha ya mdomo wake.

Kibisi akahamia kwenye lambo la wafugaji. Akazama, chubwi! Akatazama, akaibuka, akacheka: Ki-ki-ki-kiii! Kiboko akasikia. Kiboko akaja: ndi, ndi, ndi! Akajitosa, puuu! Safari hii mawimbi yakapindua kiota cha Kibisi, maana viota vyao huelea juu ya maji, na mayai yote yakazama. Kibisi akayafuata chini, lakini katika tope lile angeona nini? Alilia sana. Mimi mwenyewe nikifika hapa huwa naona uchungu, basi nyie wa nyuma acheni kusukumana.

Baadaye akahisi ana mayai mengine tumboni, na hayakuwa mbali. Akaona safari hii lazima achague vizuri. Akaruka, yeye asiyependa kuruka, akakagua dunia. Huku maji ya chumvi, kule mamba wamejazana, pale maji ya magotini, mtu anazama mgongo unabaki nje. Alikuwa amechoka hoi alipoiona chemchemi iliyojificha katikati ya mawe.

Akazama. Jamani! Chini kulikuwa na mchanga mweupe, na maji yalipokuwa yakichipuka, mchanga ulipanda ukashuka, ukapanda ukashuka, kama kifua cha mtoto aliyelala. Visamaki vilikuja vikamtazama usoni, vikaenda zao bila haraka. Jua lilikuwa huko huko chini pamoja nao. Kibisi aliwahi kupaota mahali kama hapo, akaamka akadhani hapapo.

Kicheko kikaanza kumpanda. Alipokaribia kuibuka akayakumbuka mayai yale yaliyozama. Akageuka, akarudi chini, akachekea huko huko, na juu yakafika mapovu tu: bubu, bubu, bubu.

Sasa Kiboko naye kimya kikamkosesha usingizi. Akauliza huku, akauliza kule, mpaka akafika penye mawe. Akamkuta Kibisi kajikunyata juu ya maji.

"Shikamoo, babu," akasema Kibisi.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona siku hizi hucheki?"

"Nicheke nini, babu? Hapa nimejishikiza tu. Nataka kuhamia kwenye kinamasi cha bondeni, ila usimwambie mtu."

Kiboko akamtazama kwa jicho moja, jingine likiwa kwenye maji. Akamwambia azame, amwone.

Kibisi akazama, chubwi! Mchanga ukapanda ukashuka. Kicheko kikamjaa kifua kizima. Akakimwaga chote huko chini, akaibuka kanuna, midomo kaibana.

"Na mapovu yale?" akauliza Kiboko.

"Nilikuwa nakohoa, babu. Maji ya hapa yanabana kifua."

Kiboko alikuwa ameshatia mguu mmoja majini. Akautoa.

Kibisi akaruka moja kwa moja hadi kinamasini. Akazama, chubwi! Giza tupu. Akajigonga kwenye gogo, tope likamjaa machoni. Akaibuka, akafumba macho, akaukumbuka ule mchanga mweupe, na kicheko kikatoka chenyewe: Ki-ki-ki-kiii!

Kiboko akasikia. Kiboko akaja: ndi, ndi, ndi! Akajitosa, puuu!

Kibisi akamwomba amwonee huruma, akamwambia amehangaika sana kupata mahali hapo. Kiboko akatanda kinamasi chote, bega hadi bega la bonde, akasema, "Rudi kwenye kikohozi chako."

Kibisi akaondoka analia, na machozi yakakauka alipolipita tu lile bonde. Akajenga kiota chemchemini, akaatamia. Kiboko yuko kinamasini mpaka leo. Ukimuuliza mbona macho yamejaa tope, atakwambia hiyo ndiyo raha yenyewe, na atakufukuza usimwibie.

Vifaranga walipoanguliwa, Kibisi akawapeleka kupiga mbizi yao ya kwanza. Wakaona mchanga unapumua, wakaona jua limelala chini, wakaanza kupanda juu mbio na vicheko vyao vimewajaa. Mama yao akawafunika kwa mabawa, akawarudisha.

"Huku, wanangu," akawaambia. "Chekeni huku chini."

Ndiyo maana ukimwona Kibisi, huzama upesi, na mahali alipokuwa hubaki mapovu.

Sasa funzo, maana najua mtaulizwa nyumbani. Funzo ni kwamba uongo ni mbaya, tena mbaya sana. Tazameni ulivyomwadhibu Kibisi: maji maangavu, watoto wazima, na usingizi wa amani. Kwa hiyo nyie mkipata mahali pazuri pa kuishi, pandeni kilimani mkatangaze, wakubwa wasikie.

Ngano yangu inarudi ilikotoka. Chubwi!

— Zama!