Mhunzi Aliyeogopa Bakuli Lake

Paukwa!

Pakawa!

Niwape, nisiwape?

Tupe.

Basi walio nyuma wasogee, na wenye kukohoa wakohoe sasa. Zamani, babu za babu zetu wakiwa bado hawajaota ndevu, palikuwa na kijiji, na katika kijiji hicho palikuwa na mhunzi aitwaye Lugembe. Jembe alilofua Lugembe mtu alilima nalo mpaka akazeeka. Tangu ujana alikaa bandani mwake, moto mbele yake, mifuko ya ngozi ya kuvukutia moto mikononi mwake. Mifuko ikienda fuu, fuu. Nyundo ikienda ti, ti, ti. Na moshi? Moshi ulitafuta pa kwenda, ukaona kifua cha Lugembe ndiko kwake.

Miaka thelathini moshi uliingia. Haukutoka.

Kifua kikaanza kuimba. Akivuta pumzi, hiii. Akiitoa, haaa. Akienda kisimani anasimama njiani mara tatu. Hilo hakuliogopa sana, maana wahunzi wote aliowajua walikohoa. Aliloogopa ni kukonda.

Mkononi, juu ya kiwiko, alivaa bangili ya chuma aliyojifulia mwenyewe siku aliyooa. Miaka yote ilimbana. Mwaka ule ikalegea. Ikateremka mpaka kiwikoni. Kisha ikapita kiwiko, ikawa inacheza huku na huku kama ya mtu mwingine.

Lugembe akajiuliza, "Nyama yangu inakwenda wapi?"

Mkewe alikuwa amekwisha kufariki. Mwanawe wa pekee alikuwa safarini na wabeba mizigo, mwezi wa tano huo hajarudi. Aliyebaki nyumbani ni mke wa mwanawe, Nkwimba, mwanamke asiye na maneno mengi, aliyeolewa kutoka ng'ambo ya mto. Huko ng'ambo watu wa kijiji walikuwa hawakujui vizuri, na walichokuwa hawakijui walikisema.

Lugembe alikuwa hali mchana, kazi ilikuwa nyingi. Jua likilegea anatoka bandani anahema, anakaa chini, na Nkwimba anamletea. Ugali wa mtama kama kichuguu, na kunde bakuli zima. Anakunywa kata ya maji, anamega, anameza, anamega, anameza. Kabla hajafika nusu, kifua kinafungwa. Hiii. Haaa. Kama mtu amemkalia.

Siku ya kwanza akasema ni uchovu. Siku ya pili akasema ni baridi. Siku ya tatu akaangalia ugali. Akaangalia kunde. Akaangalia mikono ya Nkwimba.

"Umetia nini humu?" akauliza.

"Kunde, baba. Na chumvi."

"Na nini tena?"

"Na maji."

Jibu fupi namna hiyo likamtia shaka zaidi. Mtu asiye na la kuficha, akawaza, angeeleza kirefu.

Tangu siku hiyo akawa anakula matonge mawili, na kinachobaki anammwagia mbwa wake nyuma ya banda. Anachuchumaa, anamwangalia. Kama ni sumu, mbwa atakufa.

Mbwa hakufa. Mbwa alinenepa. Manyoya yakang'aa, shingo ikajaa, akawa anatembea kama mkubwa wa kaya. Mwingine angefurahi. Lugembe alimtazama yule mbwa, akatazama bangili yake, na damu ikamwenda mbio. Kumbe si sumu. Kumbe nyama yake inahamishwa.

Akamwendea dada yake, Kalunde, aliyekaa nyumba ya tatu. Kalunde akasikiliza, akashusha sauti.

"Kaka, mimi nilikuwa naogopa kukwambia. Yule hacheki. Umewahi kumwona akicheka?"

"Sijawahi."

"Basi."

Hilo "basi" ndilo lililofika barazani. Lugembe alisimama mbele ya wazee, akihema kila maneno matatu, akasema mke wa mwanawe anamroga kwa chakula. Nkwimba akaitwa, akakana. Wazee wakakubaliana aletwe mtu wa kiapo. Huyo alikaa mbali, alikuwa na kibuyu cha dawa chungu. Mshtakiwa huinywa. Akitapika, hana kosa. Asipotapika, hafiki asubuhi. Kumwita na kumleta ilikuwa kazi ya siku saba.

Sasa, katika baraza lile alikaa mama mmoja, Bibi Nyanzobe. Ndiye ninayetaka tumkumbuke. Alikuwa mdogo wa umbo, sikio moja halisikii, na watu walimheshimu kwa kuwa hakuharakisha neno. Mumewe naye alikuwa mhunzi.

Bibi Nyanzobe akasema, "Siku hizo saba nitakula kwa Lugembe. Bakuli lake, wakati wake."

Lugembe hakupenda. Kwa nini huyu mzee anataka chakula changu, akawaza, na nani amemtuma? Lakini kukataa mbele ya wazee hakuweza.

Jioni ile Nkwimba akaleta. Aliinamisha uso, na Lugembe aliona, akalihesabu hilo kuwa ni ushahidi. Wakala wote wawili. Kata ya maji. Akamega, akameza, akasema maneno ya ukali mdomo ukiwa umejaa, akamega, akameza. Hiii. Haaa. Kifua kikafungwa.

"Umeona, bibi?"

"Nimeona. Mimi nimekula humo humo."

"Wewe hakukulenga."

Bibi Nyanzobe akanawa mikono, akaenda zake.

Siku ya pili akaja na Kalunde. "Leo dada yako atapika," akasema. "Unga wake, kuni zake, chungu chake. Nkwimba hatakanyaga jikoni."

Kalunde akapika kwa mapenzi yote. Ugali mkubwa kupita wa jana, na kunde juu, maana alitaka kaka yake ale kweli. Lugembe akatoka bandani anahema, akakaa, akanywa maji, akala kwa furaha na haraka.

Hiii. Haaa.

Akashika kifua. Macho yakamtoka. Akaangalia ugali. Akaangalia kunde. Kisha, taratibu, akaangalia mikono ya Kalunde.

Kalunde akauona mtazamo ule. Akaificha mikono kwenye nguo yake.

"Kaka, usiniangalie hivyo."

Lugembe alikuwa bado anahangaika na pumzi.

Bibi Nyanzobe akangoja mpaka pumzi imrudie. "Jana Nkwimba," akasema. "Leo dada yako, uliyenyonya naye ziwa moja. Kesho utaangalia mikono yangu. Kile kibuyu kitatosha watu wangapi, Lugembe?"

Kalunde akaanza kulia. Alikuwa amekumbuka neno lake, "basi".

"Kama si wao, ni nani?" akauliza Lugembe.

"Mume wangu alivukuta moto miaka arobaini," akasema bibi. "Alikonda kama wewe. Nikasema anahitaji chakula, nikamrundikia. Kadiri nilivyomrundikia, ndivyo alivyolisukuma bakuli. Nikadhani hanipendi. Akafa na chakula mbele yake, na nimekaa miaka mingi nikimfikiri. Nisikilize. Tumbo lako na kifua chako vinakaa chumba kimoja. Tumbo likijaa maji na ugali na upepo wa kunde, kifua hakina pa kupanukia. Hakuna aliyekukalia. Ni wewe umejikalia."

"Na nyama yangu? Mbona inakwisha?"

"Ile mifuko yako ya ngozi ikitoboka, unavukuta zaidi au kidogo?"

"Zaidi. Mara mbili."

"Na mkono unachoka?"

"Unachoka."

"Kifua chako kimetoboka. Kutwa kucha unavukuta, hata ukiwa umelala. Kazi ya watu wawili, kwa matonge mawili. Mengine anakula mbwa. Naye anakaa kivulini hafanyi chochote, kwa nini asinenepe?"

Lugembe akamtupia mbwa jicho. Ndani yake neno moja lilisema huenda ni kweli, na jingine likasema huyu mzee amehongwa na watu wa ng'ambo.

Siku ya tatu bibi alikuja asubuhi, akakaa jikoni na Nkwimba. Nkwimba alikuwa amevimba macho. Zilikuwa zimebaki siku nne.

"Bibi, na kama akikataa kula?" akauliza.

"Atakula. Ana njaa ya mwaka mzima."

Wakapika uji wa ulezi, ukatiwa karanga zilizosagwa na maziwa. Ukawekwa kwenye kibakuli kidogo. Lugembe alipokiona akacheka kwa dharau.

"Hiki ni chakula cha mtoto."

"Kabla jua halijasimama utapata kingine," akasema bibi. "Na kingine tena. Mara tano mpaka jua lizame. Lakini kwanza weka nyundo, kaa, pumzi itulie. Kaa wima, usijikunje. Maji utakunywa mwisho. Na ukiwa na la kusema, meza kwanza."

Lugembe akapumzika. Akachota kidogo, akanusa. Akamtazama Nkwimba, na Nkwimba naye safari hii akamtazama yeye, hakuinamisha uso. Akala. Akangoja kifua kifungwe.

Akangoja.

Mifuko ya mhunzi jirani ikaenda fuu, fuu. Kifua kiliimba wimbo wake wa kila siku, lakini hakikufungwa.

Akadhani ni bahati. Mara ya pili wakaleta yai na kiazi kitamu. Kisha samaki wabichi wa mtoni, si wale wakavu wa chumvi, kwa kuwa bibi alikuwa ameona miguu ya Lugembe imevimba, na chumvi huongeza uvimbe. Kisha tonge moja laini la ugali na kuku, na mwisho uji tena. Kila mara aliangalia chakula, kila mara aliangalia mikono, na kila mara muda wa kuangalia ulipungua kidogo. Usiku wa siku ya nne alilala bila kuamshwa na njaa. Siku ya sita alikwenda kisimani, akasimama njiani mara mbili tu. Mara ya pili aliposimama, hakusimama kwa pumzi. Alisimama kwa aibu.

Maana alikuwa ameanza kufikiri kesho ni siku gani.

Siku ya saba mtu wa kiapo akafika, na kibuyu chake begani. Baraza likajaa. Nkwimba alikaa peke yake katikati. Alikuwa amefunga nguo vizuri, kama mtu anayekwenda safari.

Kalunde akamvuta kaka yake pembeni. "Mwambie bibi aseme. Yeye wanamsikia."

Bibi Nyanzobe alisikia kwa lile sikio lake zima. "Neno lilisemwa na Lugembe," akasema. "Mimi siwezi kulirudisha kinywani mwake."

Lugembe akasimama. Ilimchukua muda kusimama.

"Nilisema mke wa mwanangu ananiroga," akasema. Akavuta pumzi. "Nilisema uongo. Sikujua kuwa ni uongo, lakini niliusema." Akavuta pumzi. "Nilimpa mbwa chakula alichonipikia, halafu nikamlaumu yeye kwa njaa yangu. Huyu mgeni na arudi na kibuyu chake. Na kama kuna anayetaka kumnywesha mtu, aanze na mimi."

Hakuna aliyetaka. Mtu wa kiapo akapewa mbuzi kuwa posho ya njiani, akaenda.

Watu wote wakamgeukia Nkwimba. Walitaka alie, au apige magoti ashukuru. Nkwimba akainuka, akakung'uta vumbi.

"Nimesikia, baba," akasema. "Kesho nitakupikia. Leo siwezi."

Akaenda kulala, na hakuna aliyethubutu kumwita. Siku ile Kalunde na Lugembe walipika wenyewe, mara tano, na uji uliungua mara tatu.

Lugembe aliishi miaka tisa baada ya hapo. Kikohozi hakikumwacha, na ni uongo nikisema kifua kilipona. Lakini baada ya miezi mingi bangili ilipanda mpaka pale inapostahili, na mwaka wa mavuno makubwa, alipoanza kujishindilia mpaka kitambi kikamzuia kuinama, bibi yule yule alikuja akamwondolea nusu ya bakuli bila kusalimia. "Kukonda kulikuonea, na unene nao utakuonea," akamwambia. "Kifua chako hakitaki kubeba mzigo." Nkwimba hakuwa na haraka ya kusahau. Ulipita msimu mzima ndipo akakaa mkekani, akala pamoja naye.

Na bibi alipozikwa, hakuachiwa kaburi kubwa wala wimbo. Aliachiwa desturi moja. Watu wa kijiji kile wakimwona mgonjwa wa kifua anakonda, hawaulizi nani amempikia. Wanauliza anakulaje, wanakaa, wanakula naye.

Mafunzo yake ni haya: kabla hujamshuku anayekulisha, angalia kwanza namna unavyokula.

Nami kisa changu nakitua hapa, pumzi nayo imeniishia. Mwenye kingine akipokee.