Bahari ya Mwesiga

Siku Mwesiga Rutaihwa alipomtimua Evodia, sauti yake ilisikika hadi barabarani, na watu waliokuwa wakisukuma baiskeli zenye mikungu ya ndizi walisimama kusikiliza. Lakini yafaa kwanza ijulikane ugomvi ulianzaje, maana ulianza na kitu kizuri.

Mwesiga alikuwa amefanya kazi Dar es Salaam miaka ishirini na miwili kabla ya kurudi nyumbani Bukoba na kujenga hoteli ya vyumba kumi na vinne, si mbali na ziwa. Hoteli mjini zilikuwa nyingi, naye hakutaka yake iwe moja tu kati ya nyingi. Akaagiza tangi la vioo lenye urefu wa mita mbili na nusu, akalisimamisha ukumbini, mkabala na meza ya mapokezi. Likajazwa maji yaliyokorogwa chumvi ya bahari, yakapangwa ndani yake mawe na matumbawe ya zambarau na ya njano, wakatiwa samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Watu waliokulia penye maji ya ziwa wakaja kuitazama bahari. Maharusi walipiga picha mbele yake. Mji mzima ukaiita bahari ya Mwesiga, naye kila aliposikia jina hilo alivimba kama andazi lililokolea hamira. Mgeni yeyote akiingia, alimshika mkono na kumpeleka mwenyewe mbele ya kioo, amwonyeshe jinsi samaki walivyomjua mwenye nyumba.

Wa kuitunza bahari hiyo alikuwa Evodia, binti wa miaka ishirini na sita kutoka Kamachumu, aliyesomea mambo ya samaki na kufanya kazi miaka mitatu huko pwani. Alikuwa mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza alimwambia tajiri wake, "Mzee, tangi jipya ni kama mtoto mchanga, litaumwaumwa kabla ya kukomaa. Likianza kuota ukijani usishtuke, nitaumudu. Ila naomba mambo matatu. Taa ziwake kwa muda wa saa nane tu kwa siku. Samaki nilishe mimi peke yangu, mara moja. Na maji yakipungua, yaongezwe yaliyochujwa, si ya bomba."

"Wewe ndiye uliyesoma," Mwesiga akajibu. "Fanya."

Katika wiki ya tano ukijani ukaja kweli. Ulianza kama vumbi kwenye kioo, kisha ukaota nywele juu ya mawe. Evodia aliwaeleza wafanyakazi kwamba ule ni mwani. Avit, mlinzi wa mlango mkubwa, akashangaa, "Akamwani? Sasa kahawa imeingiaje humo?" Wote wakacheka, maana kwa Kihaya akamwani ni punje za kahawa, na hakuna mwani mwingine ila huo wa kutafuna.

Mwesiga hakucheka. Zilikuwa zimebaki wiki tano tu bintiye Kokubanza aagwe katika ukumbi uleule, na wakwe walikuwa wanatoka Kagoma, Muleba, watu wenye macho makali na kumbukumbu ndefu. Alimpigia simu aliyemuuzia chumvi Dar es Salaam, akamwita tapeli, akamkatia kabla hajajibu. Akamgeukia Avit, akadai kwamba amechovya tambara la sabuni kwenye tangi. Avit aliapa kwa jina la mama yake, lakini wapi! Alihamishiwa geti la nyuma, kwenye mapipa ya taka.

Evodia alisugua kioo, akang'oa nywele zile jiwe kwa jiwe, akabadilisha sehemu ya maji, akaagiza konokono wa baharini wanaokula mwani. Maji yakang'aa. Baada ya siku tatu ukijani ulirudi na nguvu mpya. Akainama, akachungulia katikati ya mawe, akaona punje za chakula zimeoza.

"Mzee, kuna mtu anawalisha samaki."

"Nani atathubutu?" Mwesiga akafoka. "Nikimkamata nitamvunja mkono!"

Jumamosi moja mgeni kutoka Mwanza aliweka mkoba wake chini, akatazama tangi, akauliza kwa upole, "Hapa mnafuga vyura?"

Hapo ndipo mori ulipompanda Mwesiga. Alimwita Evodia mbele ya wageni, wapishi na wafagiaji.

"Nakulisha, nakulaza, na unaniaibisha! Kazi gani hii?"

"Mzee, mwani hauli hewa," Evodia akasema. "Unakula mwanga na mabaki ya chakula. Kuna mtu anaulisha."

"Mtu huyo ni wewe! Umehongwa na Ndyamukama!" Ndyamukama alikuwa mwenye hoteli ya jirani, mtu ambaye hakuwahi hata kugusa kioo kile. "Toka! Rudi Kamachumu ukapalilie migomba, ndiyo elimu inayokufaa!"

Evodia alivua glavu zake, akaziweka mezani moja baada ya nyingine.

"Kupalilia migomba ya baba yangu hakuniaibishi," alisema. "Lakini kuitwa mla rushwa mbele ya watu, mzee, hapo umenivua nguo." Akaondoka bila kuaga.

Kuanzia siku hiyo bahari ya Mwesiga ilikwenda arijojo. Nywele za kijani zilifunika mawe yote, matumbawe yakajikunja, samaki wawili wakaonekana asubuhi wakielea tumbo juu. Mwesiga aliamini kwamba Evodia ameacha mtu ndani wa kummalizia kazi. Jumatatu, baada ya chai, akamwita Adventina wa mapokezi ofisini, pamoja na mkewe Immakulata.

"Fungua picha za kamera za ulinzi za wiki tatu," aliamuru. "Leo mwizi wangu namshika kwa mkono wangu."

Kamera ilikuwa imefungwa juu ya mlango, kwa hiyo kila aliyelikabili tangi alionekana kwa nyuma. Haikuchukua muda. Mtu mmoja mpana, mwenye koti la kijivu, alitembea hadi kwenye tangi na wageni wawili, akachukua kopo la chakula, akatikisa. Akatikisa tena. Baada ya nusu saa alirudi na mgeni mwingine, akatikisa.

"Simamisha!" Mwesiga akaruka kitini. "Huyo ni nani?"

Adventina alikodolea macho vidole vyake mwenyewe.

"Endelea!"

Jioni ikaingia kwenye picha, taa za tangi zikazimika. Mtu yule wa koti la kijivu akaja akaziwasha, akarudi nyuma hatua mbili kulifurahia. Kesho yake akaja na ndoo ya maji kutoka jikoni, akaimimina yote.

"Shetani mkubwa!" Mishipa ya shingo ilimsimama Mwesiga. "Anaingia nyumbani mwangu kama kwake! Tazameni kipara chake hicho, kama kisahani utosini. Kipara hicho nitakijua popote. Ni Ndyamukama! Ndyamukama mwenyewe! Mama Kokubanza, nipigie polisi!"

Immakulata hakuchukua simu.

"Baba Kokubanza," alisema taratibu, "hebu gusa utosi wako."

"Nini?"

"Gusa."

Mkono wa Mwesiga ulipanda wenyewe. Vidole vikatua juu ya ngozi laini, duara, kubwa kama kisahani. Na wakati huohuo mtu wa kwenye picha aligeuka kuwapungia wageni wake, akitabasamu kwa meno yote. Ilikuwa sura ileile ambayo Mwesiga alikuwa ameinyoa ndevu asubuhi.

Mwesiga alilipuka. "Hiyo siyo kulisha! Nilikuwa nakaribisha wageni! Punje mbili tatu!"

"Jumamosi pekee mara kumi na moja, mzee," Adventina akanong'ona.

"Na taa je? Watu wa barabarani wataionaje bahari gizani? Na hiyo mashine ya kuchuja maji inadondosha tone tone kama..."

"Nyamaza!" Immakulata alikuwa amesimama. Katika miaka ishirini na minane ya ndoa hakuwahi kumpandishia mumewe sauti mbele ya mfanyakazi, na sasa sauti yake ilikuwa inakata kama panga la kupunguzia majani ya migomba. "Umemtukana mwenye chumvi. Umemtupa Avit jalalani. Umemvunjia heshima mtoto wa watu, ukamsingizia na jirani yako. Watu wanne, Mwesiga! Na wakati wote mkono uliokuwa kwenye kopo ni huu wako!" Akatoka na kuubamiza mlango.

Kesho yake Mwesiga aliendesha gari hadi Kamachumu. Alimkuta Evodia kibanjani, shamba la migomba la kwao, akichuma kahawa. Mama yake, Vestina, alimkaribisha mgeni kwa heshima, akamletea akamwani kwenye kikapu kidogo. Mwesiga akatafuna, akakohoa.

"Mwanangu, naona kulikuwa na makosa."

"Ya nani?" Evodia akauliza, mikono yake haijaacha kuchuma.

"Basi tu... makosa yalitokea."

"Makosa hayana miguu, mzee. Hayatembei yenyewe hadi kwenye tangi."

Mwesiga alihisi damu ikimchemka. Tajiri mzima kusemeshwa hivi katikati ya migomba! "Nimekuja mwenyewe kutoka Bukoba. Unataka nini zaidi?"

"Ulinitukana ukumbini. Migomba hii haikusikia nikiitwa mla rushwa, mama yangu naye hakusikia. Wale waliosikia ndio nataka wasikie tena." Akainua kikapu chake cha kahawa, akaingia ndani.

"Waitu, bwana wetu, usimkasirikie," Vestina alisema kwa upole. "Hata mimi singerudi."

Njia nzima Mwesiga alipiga usukani kwa kiganja. Aliwakasirikia Evodia, mkewe, kamera, na hata samaki wanaokula bila kushiba. Lakini kila alipomaliza kumkasirikia mmoja, kile kipara cha kwenye picha kilimrudia machoni.

Siku ya kumuaga Kokubanza ukumbi ulifurika. Tangi lilikuwa palepale, kijani kibichi kama bwawa la kunyweshea ng'ombe, maana lilikuwa zito mno kuhamishwa. Mzee Kamala, baba wa bwana harusi, alilisogelea na mkongojo wake, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Pole sana, mkwe wangu. Wafanyakazi wa siku hizi ndivyo walivyo. Ukigeuka tu, wameshaharibu."

Ulikuwa mlango uliofunguliwa wazi. Mwesiga alihitaji tu kusema "kweli kabisa", na mambo yangeishia hapo. Aliufungua mdomo. Akawaona wapishi wamesimama ukutani na masinia, na Avit akichungulia kutoka mlango wa nyuma, na mkewe, ambaye hakuwa akimtazama kabisa. Hasira ilimpanda, ileile ya siku zote. Lakini safari hii haikupata mtu mwingine wa kumwangukia.

Alichukua kipaza sauti kutoka kwa mshereheshaji.

"Wakwe zangu," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "bahari hii niliichafua mimi. Niliambiwa mambo matatu, nikayavunja yote matatu kwa mkono wangu, kisha nikamfukuza Evodia wa Kamachumu aliyenionya. Nikamwita mla rushwa hapahapa. Hakula rushwa. Na Avit pale mlangoni hakugusa kitu. Naomba radhi."

Mzee Kamala alimkazia macho kwa muda mrefu. "Nitamtoa mwanangu aoe kwenye nyumba hii," akasema mwishowe. "Nilikuwa bado sijaamua vizuri." Watu wakapiga makofi, lakini Mwesiga hakuyafurahia. Masikio yalikuwa yanamwaka moto kwa aibu.

Habari zilimfikia Evodia kwa simu ya Adventina kabla pilau halijapakuliwa. Jumanne alirudi kazini. Hakutabasamu. Alimwita Mwesiga "mzee" kwa adabu ileile, akachomoa waya wa taa mbele yake, akafungia chakula cha samaki kabatini na kuuweka ufunguo mfukoni. Ilimchukua wiki saba kuyasafisha maji, na matumbawe matatu hayakuamka tena; yalibaki meupe kama mifupa. Mwenye chumvi hajapokea simu ya Mwesiga hadi leo. Ndyamukama aliposimuliwa kwamba kipara chake kiliitiwa polisi, alicheka hadi akakaa chini, lakini salamu zake tangu hapo zimekuwa fupi.

Ndivyo ilivyo kwa mwenye jicho kali la kuona uchafu wa wenzake: wa kwake humkaa mgongoni, na mpaka aonyeshwe atakuwa amekwisha kuwaumiza wasio na hatia. Wahenga hawakukosea: nyani haoni kundule.