Sodi Apewa Kazi ya Kalsi

Hebu niambie, ushawahi kufungiwa ghalani kama gunia, huku ukiambiwa kwamba wewe ndiwe tegemeo la kesho?

Basi msikie Kalsi. Alikuwa kalsiamu, akiishi ndani ya seli moja ya jani la kunde. Nchi ndogo kuliko chembe ya unga, lakini ina mfalme, jina lake Kiini, na ina ghala. Ghalani ndimo walimorundikwa kalsiamu wote. Kazi waliyosomea ni moja tu: hatari ikija, mlango unafunguliwa kidogo, wachache wanatoka mbio kupiga mbiu, jani linageuka chungu, adui anatema, wao wanarudi ndani.

Siku hiyo kiwavi akapanda jani. Krap! Krap!

Kalsi akagonga mlango. "Bawabu, fungua! Tunaliwa!"

"Experience ya miaka mitano unayo?" bawabu akauliza, akichokonoa meno.

"Nitaipata wapi na umenifungia?"

"Sister, usinipandishie sauti. Tunataka mtu aliyewahi kutoka."

Krap!

Mfalme Kiini akamteua mpwa wake, Sodi, akapige mbiu. Huyu Sodi ni sodiamu, chumvi tupu, suti mpya, masomo sifuri. "Uncle, niachie mimi," akasema, akatoka anapiga makelele.

Wafanyakazi wa seli wakamlamba. "Chumvi! Tumeingiliwa na chumvi!" Ya kiwavi yakasahaulika. Huyu anaziba mifereji, yule anamsukuma Sodi nje, naye Sodi anawapungia mkono kama mgombea.

Kiwavi akatoboa ukuta. "Hodi wenyewe! Jani tamu hili, nani mpishi?"

Bawabu akaufungua mlango wote, wazi kabisa. "Tokeni! Nyote! Mmeajiriwa!"

"Si wote, buda!" Kalsi akalia. "Wachache tu! Tukijaa tunaganda!"

Nani amsikize asiye na experience? Wakamwagika kwa mpigo, wakagongana na akina fosfeti, wabeba nguvu wa seli, wakashikamana, wakawa jiwe. Mfalme aligandia papo hapo, kidole juu, akiwa katikati ya maneno "vijana wetu". Kiwavi akauma, jino likavunjika, akahamia seli ya jirani akitukana.

Kalsi je? Amegandia kwenye paji la uso la mfalme. Kazi ya kudumu hatimaye: permanent and pensionable.

Funzo: Ujuzi ukifungiwa haumkingi mtu, na ukifunguliwa kwa hofu unaua. Nyinyi mliokalia maofisi, wapeni kazi walioisomea, na hilo sharti la experience ya miaka mitano lifuteni leo!