Wimbo wa Shukrani wa Nakijwa

Hapo zamani, katika kijiji cha Vumwe, kule milimani ambako ukungu huingia mpaka jikoni, aliishi mwanamke aliyeitwa Nakijwa. Nakijwa alikuwa na sauti. Sisemi sauti ya kuitia mbuzi, hiyo kila mtu anayo. Yake ilikuwa sauti ya kuongoza. Watu wa Vumwe walipokusanyika kumwomba Mungu, yeye ndiye aliyeanzisha wimbo, wengine wakamfuata.

Akaolewa na Kiondo, wakapendana, wakalima maharage na magimbi. Kisha yakaja masika mabaya. Mlima uliporomoka ukamfunika Kiondo shambani, mchana, watu wakiona.

Baada ya mazishi Nakijwa alifungua mdomo ili asali. Hakuona mtu upande wa pili. Kesho yake akafungua mdomo tena, hakuona mtu. Akangoja mvua ziishe, akajaribu tena kwa moyo wote, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba aliyoizoea. Hakukuwa na mtu.

"Umemkasirikia Mungu," watu walimwambia.

"Sijamkasirikia," alijibu. "Mtu humkasirikia aliyepo."

Akaacha kuimba. Lakini kuna kitu alikikosa sana. Zamani, katikati ya wimbo, kulikuwa na utulivu uliomshukia kifuani, akajisahau, akahisi kwamba yeye na ukungu na mlima ni watu wa nyumba moja. Huo ndio alioulilia pamoja na mumewe. Alidhani vyote viwili vimezikwa.

Sasa sikilizeni watu watatu waliomsaidia.

Wa kwanza alikuwa mkwewe, Mama Nanzia, aliyemzaa Kiondo. Mama huyu alikuwa mcha Mungu kuliko wote pale kijijini. Alisali kabla ya kula, alisali baada ya kula, na chakula kikichelewa alisali katikati. Siku moja wazee wa sala walikuja nyumbani kwake. Wakasema, "Huyu mkweo anatuletea mkosi. Arudi kusali, au arudi kwao."

Mama Nanzia alikuwa akikoroga uji. Hakuuacha mwiko.

"Kiondo ni mwanangu, si wenu," akasema. "Mimi nimelia na Mungu wangu, tumepatana. Huyu hajapatana na mtu, na hapa ni kwake. Sala zake nitamsalia mimi. Kuna lingine?"

Wazee wakaondoka, na tangu siku ile hawakumwita tena Mama Nanzia mbele kuomba, yeye aliyekuwa akikaa mbele tangu ujana wake. Akawa anakaa nyuma, karibu na mlango, penye baridi. Wala hakumwambia Nakijwa hata siku moja, "Unaona ulivyoniponza?"

Wa pili alikuwa Senzota, rafiki wa marehemu, mlinzi wa bwawa la kijiji. Bwawa hilo lilijazwa na kijito, na kila shamba lilikuwa na zamu yake ya maji. Senzota alitoka mbali, hakuwa na ndugu pale, wala mke, wala maneno mengi. Nakijwa alipokwenda kungoja zamu yake, Senzota alimwonyesha jiwe.

"Kaa, shemeji."

Akakaa. Senzota naye akakaa. Hakumpa pole, hakumuuliza habari za moyo. Maji yalikuwa yakipanda taratibu kwenye kuta za bwawa. Nakijwa akachoka kungoja, akauliza, "Shemeji, ukikaa hapa kutwa nzima unawaza nini?"

"Siwazi. Naangalia."

Nakijwa naye akaangalia. Mwanzoni aliona maji tu. Kisha akaona jinsi yanavyojaa bila haraka, chura alivyotulia na koo lake linavyopigapiga, wingu lililopita juu ya bwawa na ndani ya bwawa. Hakuona malaika, hakusikia sauti. Lakini aliposhtuka, uso wake ulikuwa umelowa machozi, na kifua kilikuwa chepesi.

Akawa anarudi hata siku isiyo zamu yake. Senzota alisogea tu, akampisha kwenye jiwe.

Wa tatu alikuwa Namkunda, rafiki yake tangu utotoni. Namkunda aliugua mgongo, akawa mtu wa kitandani. Nakijwa alikwenda kumwogesha na kumgeuza. Siku moja, akimpaka mafuta, Namkunda akasema, "Niimbie."

"Sina wa kumwimbia, Namkunda. Nyimbo zangu zote zilikuwa na mwenyewe."

"Kwani mimi si mtu? Niimbie mimi!"

"Nikuimbie nini wewe?"

"Mgongo wangu. Nywele zangu zilizosimama kama manyoya ya jogoo. Hutakosa la kuimba."

Nakijwa akacheka, na kicheko kikamfungua koo. Akauimba mgongo wa Namkunda, akaziimba nywele zake, akaiimba mikono yao wote wawili walipokuwa wadogo wakiiba miwa. Sauti ilikuwa na kutu, kisha ikasafika. Na katikati ya wimbo ule wa mchezo, ule utulivu wa zamani ukamshukia. Ni uleule. Akanyamaza ghafla.

"Ule utulivu wako umekuja?" akauliza Namkunda, aliyemjua vizuri.

"Umekuja," akasema Nakijwa. "Na sijamwita mtu."

Basi Nakijwa akapona. Hakurudi kuamini, lakini akarudi kuishi. Na alipokuwa akipalilia maharage, wimbo mzima wa shukrani ukamjia, mzuri kuliko zote alizowahi kuongoza.

Hapo ndipo matatizo yalipoanza.

Maana Vumwe walikuwa na desturi. Katika sikukuu ya mavuno, aliyetunga wimbo wa shukrani aliuimba mbele ya wote, na mwisho akataja jina la anayemshukuru. Kijiji kizima kiliitikia jina hilo. Karibu wote walimtaja Mungu. Lakini ukimtaja mtu, wimbo ule ulikuwa mali yake. Aliimbiwa siku ya kuzikwa kwake, na haukuimbwa juu ya kaburi la mwingine. Na jina ni moja tu. Iliwahi kutokea wimbo ukawa na majina mawili, na nyumba mbili zikaugombania mbele ya maiti. Wakakoma.

Nakijwa akawakusanya wale watatu kando ya kitanda cha Namkunda. Akawaimbia, akaishia kabla ya jina. Mama Nanzia akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Mwanangu," akasema, "mtaje Mungu, yaishe. Kijiji kitafurahi, nasi watatu hatutatazamana vibaya."

"Mama, nikimtaja nitakuwa nadanganya mbele yako. Naweza kumdanganya yeyote hapa Vumwe, lakini si wewe."

Mama Nanzia akafikiri. Kisha akasema, "Basi nitaje mimi. Nitampelekea."

Wote wakacheka, lakini yeye hakuwa anatania.

"Nasema kweli. Hawa walikupa walichokuwa nacho. Mimi nilikupa nisichokielewa. Mpaka leo sikuelewi, Nakijwa. Naumia kila nikikuona unakula bila kusali. Lakini nililinda mlango wako usifungwe, na wangu ukafungwa. Nimezeeka. Nataka niende kwa Mungu wangu nikisindikizwa na sauti yako."

Senzota alikuwa anachora chini kwa kijiti. Walidhani hatasema.

"Mimi sina mtoto," akasema. "Nikifa watanifukia, watakwenda kula. Si kwa ubaya. Hakuna wa kuanza wimbo tu." Akakivunja kijiti. "Shemeji, ulipokuja bwawani ulikuwa unatembea lakini umekufa. Mimi sikufanya kitu. Nilisogea tu. Lakini ni pale ulipoanza kupumua, na wewe unajua."

"Najua," akasema Nakijwa.

"Ngojeni na mimi niseme, mgonjwa asisahauliwe," akasema Namkunda. "Mama alikupa mlango, shemeji akakupa kimya. Vizuri. Lakini huu ni wimbo! Wimbo unatoka kooni, na koo hilo nilikufungulia mimi, nikiwa siwezi hata kujigeuza. Na isitoshe, nyie wote mnatembea. Mimi ndiye nitakayeuhitaji mapema."

"Usinitangulie kwa ujanja," akasema Mama Nanzia. "Mkubwa ni mimi."

"Mama, kwenye hili hatupangwi kwa umri!"

Wakacheka mpaka Namkunda akashika mgongo. Nakijwa naye alicheka, huku akilia, kwa sababu aliwapenda wote, na wote walikuwa wamesema kweli.

Sikukuu ikafika. Namkunda alibebwa pamoja na kitanda chake. Senzota aliacha bwawa, jambo lisilowahi kuonekana, akasimama pembeni mwa umati. Mama Nanzia alikaa nyuma. Nakijwa akasimama katikati na kuimba. Hata wale wazee wa sala walisahau kukunja nyuso. Aliimba:

*Nilibisha hodi, nyumba ikanyamaza,*
*nikageuka, kumbe nje kuna jua,*
*kumbe nje kuna watu,*
*nani aliniketisha kwenye mwanga huu?*

Akafika kwenye jina. Kijiji kizima kikavuta pumzi. Nakijwa akamtazama mkwewe, akamtazama shemeji yake, akamtazama rafiki yake. Akataja jina moja.

Watu wakaitikia jina lile mpaka milima ikalirudisha. Aliyetajwa alijifunika uso kwa mikono miwili. Na wale wawili waliokosa ndio walioitikia kwa nguvu kuliko wote.

Jina ninalijua, lakini nikilitaja nusu yenu mtaondoka hapa mmenuna. Mmemsikia aliyelinda mlango wa mtu asiyemwelewa. Mmemsikia aliyesogea kwenye jiwe akanyamaza. Mmemsikia aliyesema, "Niimbie mimi."

Haya, wenzangu, wimbo ni mmoja na kaburi ni moja. Je, nani aliustahili?