Aliyekalia Kinu

Mama mmoja wa milimani alikuwa na kinu, na binti aliyependa kukikalia. Mama akiitwa Nakijwa, binti Nambua, mtoto ambaye hata meno ya mbele hajang'oa. Kila akikikalia, shangazi yake humkemea, “Ukikalia kinu, baba yako atakufa.” Mnaujua usemi huo. Nanyi mmewaambia wenu, maana ni rahisi kuliko kumweleza mtoto kwamba humo hutwangwa chakula cha watu.

Masika yakaja, mvua haikatiki. Asubuhi moja mteremko ukaporomoka, ukamfukia baba yake Nambua shambani. Walimfukua wapate kumzika.

Tangu hapo mtoto hakula. Uji ulimpolea mkononi, hata siku ya matanga, ua umejaa watu. Mama alipombembeleza sana, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye ndiye aliyemuua baba, kwa kukalia kinu. Shangazi akasikia, akainamisha kichwa. Wengine wakasema mwacheni, atasahau. Atasahau vipi, na mbavu zinahesabika?

Nakijwa akainuka. Akakiburuta kinu hadi katikati ya ua, akakilaza, akakikalia, mjane na kanga yake ya msiba, mbele ya wakwe na wazee. Watu wakaguna.

“Wifi, nimekikalia,” akasema. “Nambua, utazame mlima kama utashuka.”

Mtoto akautazama muda mrefu. Mlima haukushuka.

Kisha mama akarundika udongo kama kilima. Upande mmoja akachomeka vijiti vingi, upande wa pili akauacha mtupu, akampa mtoto kata ya maji amwage. Udongo ukanywa, ukawa mzito, na ule upande mtupu ukateleza wote hadi chini. Nambua akauangalia, akainua macho kwenye mteremko ambao miti yake iliishia kwenye matanuri ya mkaa.

“Vile vijiti vya kule aling'oa nani?”

Wazee wakakohoa. Mama yake ndiye aliyejibu, akirudi kukalia kinu.

“Sisi, mwanangu. Mimi na baba yako tukiwemo.”

Nambua akapanda kwenye kinu, akaketi kando ya mama yake, akanywa uji wote.

Basi, wazazi wenzangu, tunapomtisha mtoto kwa kinu bila kumwambia habari za mkaa, tunamlinda yeye, au tunajilinda sisi?