Filta ya Pimbi na Bwawa la Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nani?

Na Pimbi mwenye kamera!

Mkubwa kiasi gani?

Kikapu hakijazi!

Haya, nyamazeni basi. Na wewe unayetafuna kule nyuma, tafuna taratibu, anayesimulia ni mimi.

Zamani, tena si zamani sana maana kamera zilikuwepo, wanyama walikuwa na desturi moja ya ajabu. Jambo lisilopigwa picha halijatokea. Swala aliolewa, ngoma zikalia, pilau ikaliwa, kumbe kamera imeishiwa chaji. Bibi harusi akarudishwa kwao hadi kesho yake. Nungunungu akazaa mapacha, picha ikamtoa mmoja tu, na yule wa pili akanyimwa uji mpaka alipopigwa yake. Mnacheka? Wenyewe walikuwa hawacheki.

Mpiga picha wao ndiye huyo Pimbi, mnyama mdogo wa majabalini asiye na mkia. Alikuwa na kamera moja, mke mmoja na watoto sita. Tena alikuwa na filta, kile kioo cha duara kinachofungwa mbele ya lenzi. Aliipata kwa kutoa gunia zima la majani makavu, akiba ya chakula cha nyumbani. Mkewe, Mama Chuku, hakumsamehe.

"Baba Chuku, sasa tutakula kioo?"

"Mke wangu, hii inaondoa mng'ao. Ukiizungusha, krrr, krrr, yaliyofichika yanaonekana."

"Mimi naona sufuria tupu, na sikuzungusha kitu!"

Jirani yao Kenge ndiye aliyekuwa akichochea moto. Kenge huyo alijua kila kitu, na asichokijua alikijua zaidi.

"Filta ni upuuzi mtupu," alisema mbele za watu. "Kioo juu ya kioo cha nini? Haibadilishi picha hata chembe! Siku nitakayosema filta ina kazi, nikateni mkia."

Basi mwaka ule mvua ikagoma. Visima vikakauka, mto ukakauka, likabaki bwawa moja tu. Kiboko akaja, akajitupa katikati, bwata! Akatangaza:

"Maji haya ni yangu! Atakayetia ulimi, namkalia!"

Ngiri akadhani ni mzaha. Akatia ulimi, akakaliwa, akaondoka pale bapa kama mkeka. Tangu hapo hakuna aliyesogea.

Siku ya tano Pimbi alimkuta kitinda mimba wake analamba jiwe. Analamba, ananyamaza, analamba tena. Pimbi akaona uchungu. Siku mbili zaidi bila maji, mtoto yule angekufa.

Siku hiyohiyo Kiboko akashtuka. Lo! Hajapigwa picha na bwawa lake! Bila picha, maji si yake. Akamwita Pimbi haraka, akamwita na Kenge aje athibitishe picha, maana ndiye mjuzi wa nchi nzima.

Pimbi akafika na kamera shingoni na kibuyu kikavu kiunoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nipige mimi na maji yangu."

"Nitakupiga, Mzee. Kisha nitaomba kibuyu kimoja tu, cha watoto."

"Piga kwanza."

Pimbi akapiga, kacha! Jua lilikuwa kali, uso wa bwawa ukatoka wote unameremeta, mweupe pee. Kiboko akabandika jicho kwenye kioo cha nyuma ya kamera.

"Ehee! Maji yamejaa mpaka yanang'aa! Kenge, ni kweli?"

"Ni kweli," akasema Kenge. "Picha haina kosa."

"Basi Mzee, kile kibuyu changu..."

"Kibuyu gani?" akauliza Kiboko. "Una picha ninakuahidi?"

Hapo Pimbi alikasirika. Alikasirika mpaka manyoya yakasimama, lakini sauti akailainisha.

"Sina, Mzee. Ila samahani, naona umefumba macho. Turudie?"

"Rudia! Nitaonekanaje nimelala kwenye mali yangu?"

Pimbi akaichomoa filta mfukoni. Akaifunga, krrr. Akaizungusha, krrr, krrr. Mng'ao wote ukatoweka. Mawe ya chini yakaonekana, magugu yakaonekana, samaki wakaonekana kana kwamba wanaelea hewani. Akapiga, kacha!

Kisha akapiga ukunga.

"Uwiii! Mzee, maji yako yamekwenda!"

Kiboko akatazama picha. Kweli bwana, mawe na samaki, maji hakuna! Na katikati ya mawe, miguu yake mifupi minne, hadi kucha.

"Mbona nahisi ubaridi tumboni?" akauliza, naye amezama hadi mabegani.

"Mazoea hayo, Mzee. Babu yangu mkia ulipomtoka, aliendelea kuupungia nzi miezi mitatu."

Kiboko akatikisika. Lakini alikuwa mlafi, na mlafi ana shaka.

"Ngoja. Umebandika kidude pale mbele. Kenge! Kile kioo kinaweza kubadilisha picha? Sema kweli. Kama Pimbi ananichezea, namkalia sasa hivi."

Kenge akalitazama bwawa, limejaa tele. Akaitazama picha, kavu. Akaitazama filta. Mjinga hakuwa, alikuwa ameshaelewa. Akakumbuka aliyoyasema mbele za watu, akageuka kuutazama mkia wake.

"Filta," akasema kwa madaha, "haina kazi yoyote. Haibadilishi picha hata chembe."

"Ole wangu!" akalia Kiboko. "Basi maji yamekwenda kweli! Yameelekea wapi?"

"Nyuma ya vilima vile," akasema Pimbi. "Ukikimbia utayawahi."

Kiboko akatoka mbio, tindi, tindi, tindi! Mwili unachuruzika maji, chuu, chuu, naye analia kiu. Mpaka leo anayatafuta. Akikuta ziwa haingii, anauliza kwanza kama lina picha.

Wanyama wakamiminika bwawani. Kitinda mimba wa Pimbi akanywa, gubu, gubu, tumbo likawa ngoma, akamtapikia baba yake miguuni. Pimbi akacheka, machozi yakamtoka. Hata Ngiri aliletwa, wakamlaza ukingoni, akaanza kuvimba upya.

"Ahsante, jirani," Pimbi akamwambia Kenge. "Umetuokoa."

"Nimekuokoa wapi?" Kenge akang'aka, maji yanamdondoka kidevuni. "Nimesema kweli tupu. Filta haina kazi!"

Mama Chuku akamtazama Kenge, akamtazama mumewe, akajaza kibuyu. Alipofika nyumbani akaenda kung'oa majani ya gunia la pili, la kununulia filta nyingine.

Ngano inakomea hapo. Ikikunogea ichukue, ikikukwama kooni ishushie maji.

Na fundisho? Lipo, msiondoke. Fundisho ni kwamba filta ni kupoteza mali, na anayekushawishi uinunue mkimbie. Anayebisha aniletee maji ya kunywa, kiu imenishika, kisha nitamsikiliza.